Afya ya Kambale wa Tangini Huanzia Kwenye Maji

Sifa kubwa ya kambale, ile ambayo kila muuza vifaranga huanza nayo maongezi, ni kwamba samaki huyu hafi ovyo. Atakuambia kuwa kambale huishi kwenye tope, huvuta hewa ya juu, na ukimfunika kwa gunia bichi alfajiri atafika sokoni bado anapiga mkia. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yaliyonivutia hata mimi nilipoamua kufuga nyuma ya nyumba, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, katika matangi matatu: mawili ya plastiki yaliyokatwa juu na moja la matofali na saruji. Lakini kadiri ninavyozidi kufuga na kutazama matangi ya wenzangu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sifa hiyo imeua kambale wengi wa nyumbani kuliko ugonjwa wowote wenye jina. Samaki mvumilivu hamwonyeshi mfugaji wake kuwa maji yameharibika. Huvumilia kimya kimya, na siku anapotoka vidonda mfugaji hukimbilia dawa ya vidonda, wakati kilichougua tangu wiki iliyopita ni maji.

Uvumilivu huo una chanzo chake mwilini. Kambale tunayemfuga, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, ana matamvua kama samaki wengine, lakini juu ya matamvua hayo, ndani ya vyumba viwili vilivyojificha nyuma ya kichwa, ana viungo vyekundu vyenye matawi mengi ambavyo hupokea hewa anayoigugumia juu ya maji. Sato akikosa oksijeni utamwona ameng'ang'ania juu, mdomo wazi, mashavu yanapanda na kushuka, na hata mtoto mdogo atajua kwamba kuna tatizo. Kambale hupanda mara moja, humeza funda la hewa, akarudi chini, nawe ukipita na ndoo yako huoni lolote la ajabu. Ni lazima tukumbuke hata hivyo kwamba kiungo hicho humsaidia kupata oksijeni tu. Uchafu wa mwili wake, hasa amonia, hutolewa kupitia matamvua, na matamvua hayo yanabaki yameloa katika maji yale yale, usiku na mchana. Zaidi ya hapo, kifaranga hazaliwi na kiungo hicho, bali humkulia katika wiki zake za mwanzo, kwa hiyo mwenye kulea vifaranga wachanga kabisa anahitaji pampu ya hewa sawasawa na mfugaji wa sato.

Amonia ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayofanya tangi litofautiane na bwawa la kuchimba. Bwawa lina udongo, mwani na eneo kubwa. Tangi lina samaki, chakula na kuta. Chukua tangi la lita 2,000 lenye kambale 100 wa gramu 300 kila mmoja, yaani kilo 30 za samaki, idadi ambayo wengi wetu huiona ya kawaida kabisa. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, utamwaga gramu 900 za chakula. Kila kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 40 huacha majini takriban gramu 30 au zaidi kidogo za nitrojeni ya amonia, maana samaki hatumii protini yote kujenga nyama. Kwa hesabu hiyo tangi letu linapokea karibu gramu 30 kila siku, na ukizigawa kwa lita 2,000 unapata miligramu 15 kwa kila lita, kwa siku moja tu, kabla hujahesabu chakula kilichobaki bila kuliwa na kuozea chini. Ndiyo maana yule anayesema anabadilisha maji mara moja kwa wiki na samaki wake hawana shida, huwa namwomba nimuone akipima.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kiasi hicho hicho cha amonia kinaweza kuvumilika katika tangi moja na kuangamiza katika tangi la pili. Amonia huishi majini kwa sura mbili, moja yenye sumu kali inayopenya kwenye matamvua kwa urahisi, na nyingine isiyo na madhara makubwa, na kinachoamua mgawanyo wa sura hizo ni pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, pamoja na joto. Katika nyuzi joto 28, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura ya sumu. pH ikifika 8 sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 6 au 7. pH ikifika 9 huwa karibu asilimia 40. Kwa hiyo tangi lililo juani, lenye maji ya kijani kibichi, linaweza kuwa salama alfajiri na kuwa hatari saa tisa alasiri, kwa sababu mwani unapotumia hewa ya ukaa mchana pH hupanda. Mfugaji anayepima asubuhi peke yake ataapa kwamba maji yake ni mazuri, na hatakuwa amesema uongo.

Hapa ndipo panapotokea msiba ambao nimeuona kwa majirani zaidi ya mara moja. Maji ya tangi lililokaa muda mrefu huelekea kuwa na uchachu, na uchachu huo hufunika amonia nyingi iliyorundikana, ikabaki katika sura isiyodhuru sana. Mfugaji anaona maji yamekuwa meusi, anaona huruma, anaamua kuwafanyia samaki wema: anafungulia maji ya kisima kirefu, ambayo kwa sehemu nyingi za pwani ni magumu na yana pH ya juu, anajaza nusu ya tangi kwa mkupuo. Katika saa chache pH inapanda, amonia ile iliyolala inaamka, na kesho yake anakuta samaki wamegeuza matumbo. Hitimisho lake huwa kwamba maji ya kisima yana sumu, au kwamba kuna mtu mwenye kijicho. Maji mapya hayana kosa. Kosa ni kuyaingiza mengi kwa pamoja katika tangi ambalo halijapimwa. Tangi la namna hiyo hubadilishwa robo kwa robo, samaki wakiwa wamefungiwa chakula, hadi amonia ishuke. Chokaa nayo hupandisha pH vivyo hivyo, kwa hiyo wanaonyunyizia chokaa ndani ya tangi lenye samaki ili kusafisha maji wanacheza na moto.

Vifaa vya kupimia si vya kifahari. Kwa amonia mimi hutumia kipimo cha matone kinachouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, kile ambacho unachota maji kwenye kichupa cha kioo, unadondosha matone, unatikisa, unasubiri, halafu unalinganisha rangi na kadi. Rangi ya njano ni heri. Kijani kilichokolea ni onyo. Nafanya kazi hiyo kivulini, nikishika kadi nyuma ya kichupa, kwa sababu jua kali hupotosha jicho na mtu hujikuta akisoma namba anayoitamani. Pamoja na hicho nina kipimo cha pH na kipimajoto cha kuning'inia. Vyote kwa pamoja vina bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa chakula bora.

Kwa upande wa chanzo cha maji, kila kimoja kina tabia yake. Maji ya bomba ya DAWASA hutiwa klorini, na klorini huunguza matamvua na kuua bakteria wanaosafisha maji ndani ya chujio. Yakikaa kwenye chombo kilicho wazi siku nzima, hasa yakipigwa hewa, klorini hupotea. Maji ya kisima kirefu hayana klorini lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo sana, wakati mwingine na chuma ambacho hugeuka kutu na kuganda kwenye matamvua, kwa hiyo nayo hupumzishwa na kumwagwa kutoka juu ili yapate hewa. Tangi jipya la saruji ni jambo la pekee: saruji mbichi hutoa chokaa na kupandisha pH kupita kiasi, na dawa yake ni kulijaza maji, kuyaacha siku kadhaa, kuyamwaga na kurudia, huku wengi wakitumbukiza vipande vya mgomba ili vioze humo na kuleta uchachu. Njia hiyo ya migomba inasaidia kweli, ila ni lazima tangi lisuguliwe vizuri kabla samaki hawajaingia.

Mwenye maji mengi na ya bei nafuu anaweza kuishi kwa kubadilisha maji peke yake. Sisi wengine tunahitaji chujio. Langu ni pipa la lita 200 lililojazwa vifuniko vya chupa na vipande vya nyavu kuukuu, nalo hupokea maji yaliyokwisha kupita kwenye ndoo ya kutuamisha kinyesi. Kazi yake halisi hufanywa na bakteria wanaojishikiza kwenye vifuniko vile: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kambale huivumilia kwa kiwango kikubwa na mchicha huifurahia. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujenga idadi ya kutosha, na haiwezekani kuwaharakisha kwa kujaza samaki wengi. Kinyume chake, ndiyo njia ya kuwapoteza samaki. Kundi la pili huchelewa kuliko la kwanza, kwa hiyo katikati ya kipindi hicho amonia hushuka nawe ukafurahi, kumbe nitriti imepanda. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikawa ya rangi ya kahawia, na kambale aliye katika hali hiyo hupanda kuvuta hewa mara nyingi kuliko kawaida bila kupata nafuu. Ukimchinja mmoja na kufunua matamvua, rangi ile utaitambua hata kama hujawahi kuiona.

Kinga ya jambo hilo inauzwa kila gengeni. Chumvi ya kawaida, kilo 1 kwa kila lita 1,000, huzuia nitriti isipenye kwenye matamvua, na kiwango hicho hakimdhuru kambale wala bakteria wa chujio. Ninanunua ile ya mawe inayouzwa kwa viroba, naiyeyusha kwanza kwenye ndoo, kisha naimimina taratibu. Kumbuka tu kwamba maji yakipungua kwa jua chumvi haipungui, hivyo usiongeze chumvi unapojazia maji yaliyokauka. Na maji hayo yenye chumvi usiyamwagie bustani, vinginevyo utakula kambale bila mboga.

Umeme nao ni sehemu ya afya ya samaki. Katika mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wafugaji wa matangi walijifunza kwamba kambale mkubwa hafi kwa pampu kusimama saa chache, kwa kuwa ana hewa ya juu, ila chujio hufa. Maji yaliyotuama ndani ya pipa huishiwa oksijeni, bakteria wazuri hudhoofika, wale wa uozo hushika nafasi, na harufu ya yai viza huanza kutoka. Umeme unaporudi pampu husukuma uchafu huo wote tangini kwa mara moja. Kwa hiyo nyumbani kwangu swichi ya pampu huzimwa umeme unapokatika, na ukirudi baada ya muda mrefu maji ya ndani ya pipa humwagwa nje kwanza. Siku hiyo na inayofuata, chakula ni nusu.

Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine, ninatumbukiza mpira chini ya tangi na kuvuta uchafu uliojikusanya usiku. Uchafu huo ni taarifa. Kinyesi kilichoshikamana na chenye rangi ya chakula ni dalili ya tumbo zima. Utando mweupe unaoburuzika, au vipande vya chakula vilivyovimba, vinakuambia kuwa jana jioni walishiba kabla hujaacha kutupa. Kisha nanusa maji, natazama povu: povu linalopasuka haraka halinisumbui, lakini povu zito la kahawia lisilotawanyika linamaanisha protini nyingi imeyeyuka majini. Hata hivyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni chakula cha jioni. Kambale ni samaki wa giza, na jua linapozama tangi lenye afya huchemka: chakula kinachoelea kikitua tu, midomo mipana inakipokea, mikia inapiga, na mtu anayesimama karibu hulowa. Jioni ambayo wanapanda mmoja mmoja, wanaonja na kutema, mimi huacha kulisha hapo hapo na kwenda kuchukua kichupa cha kupimia. Hamu ya kula hupungua kabla ya kidonda cha kwanza kuonekana.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za samaki?"

"Si nzuri, mzee. Wamesimama wima, mdomo juu mkia chini, hawatikisiki. Nimenunua ule unga wa dawa ya kuku, niweke vijiko vingapi?"

"Usiweke kitu. Juzi walikula?"

"Kidogo. Kingine kilibaki kinaelea."

"Basi leo usiwape chakula, na uniletee maji kwenye chupa."

Kusimama wima namna ile ni dalili ya kambale aliyezidiwa, iwe kwa maji mabaya, vimelea au bakteria, na haimwambii mtu ni kipi kati ya hivyo. Maji ya chupa yalitoa rangi ya kijani kilichokolea. Alibadilisha robo ya maji asubuhi na robo jioni, akafanya hivyo mpaka rangi ikafifia, na samaki wengi walirudi chini. Ule unga wa kuku ulibaki kwenye pakiti.

Unga huo, ambao kwa kawaida huwa kiuavijasumu kiitwacho oksitetrasaiklini, unastahili neno la peke yake, kwa sababu ndio wa kwanza kufikiriwa. Kuumwaga kwenye maji ni hasara mara tatu. Katika maji magumu ya kisima dawa hiyo hushikana na madini ya kalisi na magnesi, ikaishiwa nguvu. Kile kinachobaki huwapiga bakteria wa chujio, na amonia ikapanda upya. Na vile viini vya ugonjwa vinavyoonja dawa pungufu hujifunza kuizoea. Viuavijasumu vya samaki hutolewa ndani ya chakula, kwa kipimo cha daktari wa mifugo anayejua ugonjwa ni upi, na samaki hawauzwi mpaka siku za kuondoka kwa dawa mwilini zitimie. Kwa kuwa samaki aliyeugua sana hali tena, hata njia hiyo sahihi humfaa yule ambaye bado anakula.

Kambale hana magamba, na ngozi yake tupu iliyofunikwa na ute ndiyo ukuta wake wa kwanza. (Ukosefu huo wa magamba, kwa njia, ndio unaowafanya majirani zangu Wasabato wasimnunue, kwa hiyo biashara yangu ina mipaka yake hata mtaani.) Ute ukikwanguliwa kwa wavu mkavu, mikono mikavu au ukuta wa saruji wenye ncha, mlango umefunguliwa. Lakini mchubuaji mkubwa kuliko wote ni kambale mwenzake. Katika kundi la vifaranga waliozaliwa siku moja, wachache hukua upesi kuliko wenzao, na hao huanza kuwang'ata wenzao mikia na, wakizidi kukua, huwameza wazima wazima. Mfugaji anayehesabu samaki pungufu bila kuona maiti asimlaumu kenge peke yake. Dawa ni kuwatenganisha kwa ukubwa kila baada ya wiki mbili au tatu wakiwa wadogo, kuwalisha mara kadhaa kwa siku, na kulifunika tangi kwa neti nyeusi, maana gizani hugombana kidogo, na kifuniko hicho huzuia pia mwani, ndege, paka na wale kambale wanaoruka nje usiku wa mvua. Siku ya kuwachambua wawe hawajala tangu jana, wavu uwe umeloweshwa, na kazi ifanyike kabla jua halijapanda.

Kuhusu chakula nitasema machache lakini kwa msisitizo. Kambale mdogo anahitaji protini ya asilimia 40 na zaidi, mkubwa anaweza kwenda na 30 hadi 35, na chakula kinachoelea kina faida kubwa ya kumwezesha mfugaji kuona kinacholiwa na kinachobaki. Utumbo wa kuku na mabaki ya jikoni, ambayo kambale huyala bila ubishi, yanaweza kufaa katika bwawa kubwa. Katika tangi ni kuleta uozo na viini vya magonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Chakula kilichoshika ukungu hutupwa, hata kama mfuko ulikuwa wa bei mbaya, kwa sababu sumukuvu huharibu ini na haiondoki kwa kuanika juani. Mfuko uwekwe juu ya vibao, mbali na ukuta, na utumike mapema, kwani vitamini C hupungua kadiri chakula kinavyokaa. Samaki anayeikosa kwa muda mrefu hupata ufa kwenye mifupa ya fuvu, mstari mwekundu juu ya kichwa ambao mara nyingi hudhaniwa ni jeraha la kupigana. Tena, kambale hajui kusema basi. Anayelishwa kupita kiasi katika maji ya moto anaweza kuvimba tumbo mpaka utumbo ukapasuka ndani, na kifo hicho hakina dawa isipokuwa kulisha kwa mizani.

Maji yakiwa mazuri, chakula kikiwa safi na bado samaki wanaugua, ndipo tunapoanza kutaja magonjwa. Mabaka mekundu tumboni na kwenye mashina ya mapezi, pamoja na tumbo lililojaa maji, huelekeza kwenye bakteria aina ya Aeromonas, ambao wako karibu katika kila tangi wakisubiri samaki adhoofike. Mabaka ya kijivu yenye ukingo, mdomoni au mgongoni, na matamvua yanayolika, huelekeza kwenye Flavobacterium columnare, anayekwenda kwa kasi sana maji yakiwa ya moto. Nyuzi kama pamba juu ya kidonda ni kuvu, naye huja baada ya kidonda. Samaki wanaojikwaruza ukutani na kutoa ute mwingi, huku ngozi yao ikionekana kama imepakwa vumbi, huwa na vimelea vidogo visivyoonekana bila hadubini, mara nyingi Trichodina. Kwa kuvu na vimelea hivyo, chumvi inabaki kuwa rafiki wa kwanza: gramu 10 kwa lita katika beseni la pembeni, dakika 15 hadi 20, mfugaji akiwa amesimama hapo hapo, na samaki anayelala ubavu anatolewa mara moja. Potasiamu pamanganeti hutumika pia, gramu 2 kwa lita 1,000, lakini kwa tangi lililotengwa na chujio, na rangi yake ya zambarau ikigeuka kahawia haraka ujue imemalizwa nguvu na uchafu wa maji.

Magonjwa mengi huja na wageni. Vifaranga wapya hukaa katika chombo chao, na wavu wao na ndoo yao, kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuchanganywa. Chagua pia unakonunua. Kanda ya Ziwa Victoria vifaranga wengi wa kambale huuzwa kuwa chambo cha sangara, na mnunuzi wa chambo hatafuti zaidi ya samaki atakayecheza kwenye ndoana usiku huo. Mfugaji anahitaji kifaranga atakayeishi miezi, kwa hiyo afadhali kutafuta mzalishaji anayezalisha kwa ajili ya ufugaji, au kuuliza vituo kama kile cha Kingolwira mkoani Morogoro.

Juni hadi Agosti maji ya alfajiri hupoa hata huku pwani, na kambale, ambaye hustawi kati ya nyuzi joto 26 na 30, hupunguza kula. Wa Njombe na Arusha wanahitaji paa la nailoni juu ya tangi. Sisi tunahitaji tu kupunguza chakula na kulisha adhuhuri badala ya asubuhi.

Vifo vikiendelea baada ya yote hayo, nenda maabara, iwe ya Wakala wa Maabara ya Veterinari au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Samaki aliyekufa tangu usiku hana tena cha kumweleza mtaalamu, kwa sababu bakteria wa uozo wamekwisha kufunika wale wa ugonjwa. Peleka wawili au watatu walio hai lakini wenye dalili, katika mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi. Andika kwenye karatasi joto, pH na amonia ya siku hiyo, aina ya chakula, dawa yoyote iliyokwisha kutumika na lini samaki wapya waliingia. Maji ya tangi weka katika chupa yake, tofauti na mfuko wa samaki, ijazwe hadi shingoni na ibebwe kwenye boksi lenye barafu, ili amonia itakayosomwa kule iwe ile iliyokuwa tangini na si ile iliyozaliwa njiani.